Mwenye Dekio Ndiye Mwenye Komeo

Shemeji yangu alisimama mbele ya kigeti cha mbao nilichokuwa nimekiweka kwenye mlango wa jikoni, akamtazama mtoto wa mbwa aliyekuwa upande wa pili akitikisa mkia, kisha akanigeukia. "Sasa shemeji, umemwingiza mbwa ndani ya nyumba, halafu humo humo ndani umemfungia. Si bora ungemjengea banda nje tukajua moja?" Kabla sijajibu, binti yake anayesoma chuo akadakia kutoka kwenye kochi. "Anko, huo ni ukatili. Mwachie azunguke. Nyumba ni yake pia."

Hao ndio wapinzani wangu wawili, na ninashukuru walikuja siku moja na kula wali wangu pamoja, maana wameniondolea kazi ya kuwatafuta. Mmoja anataka mbwa afungwe nje mpaka awe mkali. Mwingine anataka asifungwe kabisa kwa sababu anapendwa. Nasema wote wawili wamekosea, na kosa lao ni moja. Hakuna hata mmoja kati yao aliyewahi kupiga magoti saa 11 alfajiri na tambara mkononi, akifuta mkojo wa mbwa ambao haukuwa wake.

Nianze na shemeji, kwa sababu wenye mawazo yake ni wengi. Katika mitaa yetu ya Dar es Salaam, huku Kimara na kule Tegeta, mbwa hafugwi, anaajiriwa. Analetwa akiwa na wiki sita au nane, anatiwa kwenye banda la mabati nyuma ya nyumba, karibu na shimo la maji taka, na maagizo yanatolewa: asizoeane na watu, watoto wasimguse, sahani yake isukumwe kwa fimbo, afunguliwe usiku, afungwe kabla hakujapambazuka. Wapo wanaomwongezea pilipili kwenye ugali, eti apande hasira. Hivyo ndivyo mbwa mkali anavyotengenezwa, tunaambiwa, na anayetuambia mara nyingi ana kovu la meno ya mbwa wake mwenyewe mguuni.

Mbwa wa namna hiyo ni mwoga tu. Mwaka 1961 watafiti watatu wa Marekani, Freedman, King na Elliot, walichapisha katika jarida la Science matokeo ya jaribio walilolifanya kwa watoto wa mbwa waliolelewa na mama zao kwenye uwanja wenye uzio mrefu, bila kukutana na watu. Baadhi walitolewa kwa wiki moja katika umri tofauti, wakachezewa na kushikwa, wakarudishwa. Wengine hawakutolewa hata mara moja mpaka wiki ya 14. Hao wa mwisho hawakuzoeleka tena kama wenzao. Mlango ulikuwa umeshafungwa, na aliyeufunga ni kalenda. Sasa hesabu mwenyewe: mbwa anatiwa bandani akiwa na wiki nane, na zile wiki sita zilizobaki, ambazo zingempa akili ya kutofautisha mgeni na mwizi, anazimaliza akitazama tundu la msumari kwenye bati.

Mwoga huuma, sibishi. Lakini huuma yeyote. Huuma mtoto aliyekuja kuomba mpira wake, huuma fundi bomba, hukuuma wewe siku umeme umekatika na umeingia getini bila tochi. Na katika nchi ambayo kichaa cha mbwa bado kinaua watu, huku Shirika la Afya Duniani likisema hadi asilimia 99 ya maambukizi kwa binadamu hutokana na mbwa, mimi siwezi kulichukulia jino lolote kama jambo dogo. Sijagusa hata joto. Mbwa hatoi jasho mwilini kama sisi, anapoa kwa kuhema. Jaribu kuhema chini ya bati la Dar es Salaam mwezi wa Februari, saa 8 mchana, halafu tuendelee kuzungumza kuhusu ulinzi.

Basi, shemeji nimemaliza naye. Kazi iko kwa binti yake, kwa sababu yeye anaongea lugha nzuri, na kwa sababu niliwahi kuwa yeye.

Mbwa wetu wa kwanza aliitwa Bosi. Alikuja akiwa na wiki tisa, mweusi, tumbo kama puto, masikio hayajaamua yasimame au yalale. Nilikuwa nimekulia kwenye nyumba yenye banda la mabati, nikaapa kwamba huyu hatafungiwa kamwe. Kila mlango uliachwa wazi. Alilala alipotaka, alikojoa alipotaka, alitafuna ndala za watoto na sisi tukacheka na kupiga picha. Wiki tatu tulikuwa na furaha, au niseme ukweli: mimi nilikuwa na furaha. Nilitoka saa 11 na nusu alfajiri kuwahi foleni ya Barabara ya Morogoro, nikarudi saa 2 usiku, nikakuta sakafu inang'aa na kitoto kinanirukia. Nikaamini mbwa wangu ana akili, amejifunza haraka. Sikujiuliza sakafu ilikuwa inang'aa kwa sababu gani.

Mwezi ule panya walituzidi stoo. Nilinunua sumu kwa machinga anayepita na kipaza sauti akitaja panya, mende na kunguni kwa pumzi moja. Niliimwaga kwenye kifuniko cha ndoo na kukisukuma nyuma ya gunia la mkaa. Mimi, kwa mkono wangu huu.

Jumatano Bosi hakula. Alhamisi fizi zake zilikuwa nyeupe na damu ilikuwa inamtoka puani, matone membamba, kwenye sakafu ile ile inayong'aa. Daktari wa mifugo alimchoma vitamini K, akatikisa kichwa, akasema tumechelewa. Ijumaa kabla ya adhana ya alfajiri alikufa koridoni juu ya kanga kuukuu ya mke wangu.

Asubuhi hiyo nilimfokea dada wa kazi. Nilimwuliza nani aliacha mlango wa stoo wazi jana, nani aliuacha wazi juzi. Alisema hajui. Nikamwambia hajui kwa sababu anashinda kwenye simu. Nilisema mengine ambayo sitayaandika. Watoto walikuwa wamesimama mlangoni wanasikiliza. Mwisho wa mwezi aliomba nauli, akaenda kwao Singida, na sisi tukaambiana kwamba wasichana wa siku hizi hawadumu.

Ilipita miezi. Nikakutana na yule daktari kwenye nyumba ya rafiki, akichanja mbwa, na katika mazungumzo ya kupoteza muda akanieleza jinsi sumu za aina ile zinavyofanya kazi. Haziui papo hapo. Zinazuia mwili kutumia vitamini K, damu inashindwa kuganda, lakini mwili una akiba yake kidogo, kwa hiyo mnyama anaweza kuonekana mzima kwa siku tatu, nne, tano, kabla hajaanza kuvuja damu. Nikahesabu kwa vidole nikiwa nimesimama pale pale. Jumatano. Jumanne. Jumatatu. Jumapili. Jumamosi.

Jumamosi mchana hadi Jumapili jioni dada alikuwa mapumzikoni, kwa shangazi yake Gongo la Mboto. Nyumbani tulikuwa sisi. Mlango wa stoo niliufungua mimi, kutoa mkaa wa kuchomea nyama, na mtoto wa mbwa alikuwa huru kama nilivyoapa.

Nilimpigia simu. Nilidhani hatapokea, akapokea. Nilimweleza yote, kwa kigugumizi, na upande wa pili nilisikia kuku na mtu anatwanga. "Nilijua, kaka," akasema. "Jumapili niliporudi nilikikuta kile kifuniko kimelambwa kikavu. Nikadhani panya. Bosi alipoanza kutoka damu ndiyo nikaelewa." Nikamwuliza kwa nini hakusema. Akanyamaza kidogo. "Ungenisikia?" Kisha akauliza watoto wanaendeleaje.

Tangu siku hiyo siwezi kusikia mtu anasema "mwachie mbwa awe huru" bila kuuliza: huru, halafu nani anamfuata nyuma? Mtoto wa mbwa wa wiki tisa anakojoa akiamka, akila, akimaliza kucheza, akifurahi, na mara nyingine kwa sababu tu amekumbuka. Kwa siku ni mara kumi na zaidi. Ana meno 28 ya utoto, makali kama sindano, ambayo yatang'oka yote kupisha 42 ya ukubwani, kazi inayomchukua hadi mwezi wa sita au wa saba, na muda wote huo fizi zinamwasha na waya wa chaja una ladha sawa na mfupa. Uhuru wake wote huo una gharama, na kwenye nyumba zetu hailipwi na anayeuhubiri. Inalipwa na binti anayepika, anayefua, anayempeleka mtoto kwenye basi la shule, na ambaye sasa ameongezewa kazi ya kukimbizana na kinyama kwenye vyumba vinne. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataja ukomo wa saa 45 za kawaida kwa wiki. Anayetaka kucheka, acheke sasa.

Tuliita huo upendo. Mimi nauita upendo wa kutuma mtu.

Kuna kundi la tatu ambalo halikuwapo mezani siku ile, nalo linaongezeka kwenye maghorofa ya mjini. Hawa wamenunua kizimba cha waya kinachokunjwa, wametazama video, na wanajua maneno yote. Wanakuambia mbwa ni mnyama wa pangoni, anapenda kujifungia. Sina ugomvi na kizimba chenyewe. Kikiwa na nafasi ya kusimama, kujigeuza na kulala akiwa amenyooka, mlango ukaachwa wazi, chakula kikawekwa humo, asitiwe humo kama adhabu, mtoto wa mbwa ataingia mwenyewe kulala kama mtoto wa mtu anavyokimbilia chini ya meza. Ugomvi wangu ni na saa. Kanuni ya kukadiria inayotumiwa na wafugaji wengi ni rahisi: hesabu umri wake kwa miezi, ongeza moja, hizo ndizo saa ambazo anaweza kujizuia mchana, kwa kubahatisha. Wa miezi miwili, saa tatu, akiwa hodari. Wewe umetoka alfajiri na utarudi usiku. Kwa hesabu yoyote, huyo hujamfungia, umemhifadhi kama sufuria.

Na hasara yake inakurudia mwenyewe. Mbwa kwa asili hapendi kuchafua anapolala. Mafunzo yote ya usafi yamejengwa juu ya aibu hiyo ndogo. Ukimlazimisha alale kwenye mkojo wake kwa siku kumi, unaivunja, na hakuna video itakayoirudisha kirahisi. Tena tusidhani dunia nzima imekubaliana juu ya hivyo vizimba. Marekani ni jambo la kawaida kabisa kumwacha mbwa kizimbani ukienda kazini. Sweden na Finland sheria hairuhusu kumweka mbwa kwenye kizimba kidogo namna hiyo kama makazi yake ya kila siku nyumbani. Ni cha safari na sababu maalumu. Watu hao wote wanawapenda mbwa wao. Tofauti iko kwenye swali waliloanza nalo, na swali letu sisi hata hatujaliuliza.

Swali lenyewe ni: nani yupo? Mtu akiwepo na macho yake yakiwa kwa mbwa, mbwa awe huru. Mtu akiwepo lakini anakaanga samaki, mbwa awe nyuma ya kigeti, mahali anapomwona mtu huyo na kumsikia. Mtu asipokuwepo kabisa, awe mahali padogo pasipo na kitu cha kumwua, kwa muda ambao kibofu chake kinauweza, si zaidi. Na kama hakuna mtu kuanzia alfajiri hadi usiku, siku tano kwa wiki, usichukue mtoto wa mbwa. Chukua mbwa mzima, au chukua samaki. Najua hili linawaudhi watu. Kuna aliyeniambia kwamba kwa maneno yangu wafanyakazi wa kawaida hawana haki ya kufuga. Nikamjibu kwamba wana haki ya kufuga mbwa wa miaka miwili, wako wengi, na hawajikojolei.

Karanga alikuja mwaka mmoja baada ya Bosi. Safari hii kabla hajaja nilikaa na dada mpya, anayetoka Iringa, tukazungumza kama watu wawili wanaotaka kufanya biashara. Nilimwambia: hii ni kazi ya ziada, itakuwa na malipo ya ziada, na ukisema hapana, mbwa haji. Akafikiri siku mbili. Aliporudi alikuwa na masharti. Mbwa akae jikoni na kwenye kibaraza cha nyuma, asiingie anakodeki mpaka pakauke, stoo ipate kufuli, funguo akae nazo yeye. Na yeye ndiye atakayesema lini mlango ufunguliwe. Si watoto, si mama, si mimi.

Fundi seremala aliyetengeneza kigeti aliniuliza ni cha mtoto au cha mbwa. Nilimwambia cha mimi. Hakuelewa, na sikuwa na muda wa kumweleza. Alikitengeneza kwa mbao za paini, kimo cha goti na nusu, fito zimekaribiana kichwa kisipite, komeo juu upande wa nje.

Kilichotokea baada ya hapo hakina maajabu. Karanga alilia usiku wa kwanza na wa pili. Dada aliweka godoro lake upande wa pili wa kigeti bila mtu kumwomba, na usiku wa tatu kukawa kimya. Mchana alimtoa nje kila alipoamka na kila alipomaliza kula, akamsubiri, akamsifu kwa Kihehe. Kila ajali aliiandika kwa mkaa ukutani, nyuma ya mlango, mstari mmoja kwa ajali moja. Wiki ya kwanza palikuwa na msitu. Zilipopita siku 14 bila mstari, alifungua korido, kwa dakika kumi, yeye akiwepo. Kisha sebule. Alikuwa na mtihani wake: ndala moja katikati ya sakafu, yeye anapepeta mchele, macho pembeni. Karanga akiichukua ile ndala, tunarudi jikoni wiki moja, bila kofi wala kelele. Mimi nilikuwa nasikia habari hizi nikirudi usiku, kama mtu anayesikiliza matokeo ya mpira ambao hakuutazama.

Kigeti kilinifundisha jambo jingine ambalo binti wa shemeji, kwa haki, hawezi kulijua kwa sababu nyumba yao ina ukuta mrefu na hawana jirani. Mama mwenye duka hapa mtaani huja kwetu mara kwa mara. Enzi za Bosi alikuwa anaishia uani. Nilimwona ni mtu wa kuogopa mbwa. Jioni moja enzi za Karanga nilimpa shikamoo, akaitikia, akachungulia, akaona komeo limefungwa, akaingia mpaka sebuleni na kukaa. "Mwanangu," akasema, "mimi mbwa wako sijawahi kumchukia. Lakini nikitoka hapa naenda kuswali. Akinilamba nina kazi ya kuosha mara saba, moja kwa udongo. Wewe ulikuwa unasema anacheza tu." Ni kweli nilikuwa nasema hivyo. Nimeishi na watu hawa miaka tisa, na kwa muda wote Bosi alipokuwa huru, mtu mzima mwenye heshima zake alikuwa anasimama juani ili mbwa wangu apate sebule.

Kwa hiyo binti akiniambia kigeti ni ukatili, namwomba aje akae nasi wiki moja, ashike yeye tambara, halafu Jumamosi ndiyo tujadiliane. Na shemeji akitaka banda, namwonyesha Karanga, aliyeshikwa na watu kila siku tangu wiki ya nane, ambaye usiku wa mwezi uliopita alibweka mara tatu tu, kwa mtu aliyekuwa anapima ukuta wetu kwa macho. Yule mtu aliondoka. Muuza maziwa alipokuja asubuhi Karanga hakubweka.

Juzi nilirudi mapema, foleni ilikuwa imenihurumia. Mlango wa jikoni ulikuwa mtupu. Nilikikuta kigeti uani, kimelazwa juu ya matofali mawili, chandarua kuukuu juu yake na dagaa wameanikwa. Karanga alikuwa amelala chini yake kivulini, mwezi wake wa kumi na nne sasa, jicho moja wazi. Nikamwuliza dada nani amekitoa.

"Mimi," akasema, bila kuacha kupepeta. "Tangu Jumanne."